Sita, Mbili, Mbili

Anayeshindwa ndiye asiyetaka kuondoka. Jambo hili nimeliona kwa miaka mingi hapa Chang'ombe, Dodoma, mahali ambapo kibanda cha gemu na mwarobaini wa wazee vimeachana hatua kumi tu. Kibandani, kijana aliyefungwa mabao matatu anamkabidhi mwenzake pedi. Haendi nyumbani. Anasimama nyuma ya benchi, macho kwenye televisheni, shilingi mia tano ya zamu yake ijayo imefumbatwa kiganjani. Chini ya mwarobaini, mzee aliyekombwa kete zote za mbele anasogeza kigoda chake karibu zaidi na bao. Ukiwasalimu "Mbukwenyi," watakuitikia kwa mguno, na hakuna wa kuwalaumu. Wamezama.

Neno hilo lina uzito wake katika mji huu. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji kijitoni, akanasa kwenye matope, akadidimia mbele ya macho ya watu. Waliomwona wakasema "idodomya", amezama, na mahali pakapata jina. Lakini kuna kuzama kwa tembo na kuna kuzama kwa mpiga mbizi. Tembo alishikwa. Mpiga mbizi hujitosa mwenyewe, na anapoibuka huwa na kitu mkononi. Ninataka kuwasifu mafundi wa kuzama huko kwa pili, yaani watunzi wa michezo.

Nianze na bao, kwa kuwa sijaona mchezo uliotungwa vizuri kulipita. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, na kete ni 64, nusu kwa nusu. Hata hivyo mchezaji haanzi na kete zake zote ubaoni. Anapanga kumi tu: sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili shimo linalofuata upande wa kulia, na mbili tena. Zilizobaki, 22, anazishika, na ataziingiza moja moja, zamu kwa zamu, katika hatua iitwayo namua. Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wa kwanza, ambaye jina lake halikuandikwa popote. Alijua kwamba akili ikimwagiwa kila kitu kwa mpigo hukimbia. Akauacha ubao ujae taratibu, na ugumu ukue pamoja na uelewa wa anayecheza. Kete ya mwisho inapotoka mkononi na hatua ya pili, mtaji, kuanza, mchezaji ameshafika kilindini bila kujua ni lini maji yalimpita shingo.

Kisha tazama haki yake. Bao halina dadu wala karata iliyofunikwa. Kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote wawili, na ya watazamaji wanaoguna pembeni. Ukila, kete ulizokula hazitolewi nje. Unazipanda upande wako, na kesho zinaweza kurudi kwa mwenyewe. Zilianza 64, zitamaliza 64. Ndiyo maana mtu aliyebakiwa na kete chache mbele hakati tamaa. Hazina yake haijapotea, imehamia ng'ambo tu, na njia ya kuirudisha ipo kama ataiona.

Na kuiona ndiyo kazi. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete, safari inaendelea: unakula, au unazoa na kupanda tena, shimo hadi shimo, mpaka iangukie patupu ilale. Hatua moja inaweza kuuzunguka upande wako na kuvuruga hesabu zote. Mwaka 1995 mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt aliandika tasnifu nzima juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar na uwezo wa akili zao kufuata safari hizo kabla mkono haujagusa kete. Juu ya hayo ipo nyumba. Kete ya mwisho ikiishia humo, na hakuna cha kula, mwenye nyumba anaweza kusimama na kuilinda akiba yake, au kuibomoa na kusafiri nayo. Hakuna wa kumwamulia. Nimewaona watu wazima wakishikilia pumzi mbele ya shimo hilo kama wanaouza ng'ombe wa mwisho.

Kwa hiyo mtu anaposhindwa kwenye bao hana wa kumsingizia. Kosa ni lake, na analijua lilikuwa shimo gani. Kwa maoni yangu hii ndiyo siri ya ufundi wote. Mchezo uliotungwa vizuri humrudishia aliyeshindwa kosa lake likiwa safi, dogo, linaloweza kurekebishwa sasa hivi. Nani aondoke akiwa ameshikilia kitu kama hicho?

Mafundi wa michezo ya kwenye kioo wameifikia siri hiyo hiyo kwa njia nyingine. Waliokuwa na simu za Nokia wanamkumbuka nyoka, aliyetungwa na Taneli Armanto wa Finland na kutoka kwenye simu ya mwaka 1997. Kila anapokula anarefuka, na mwishowe kinachomziba njia ni mwili wake mwenyewe. Ushindi wako ndio unaokutengenezea ugumu, na ukijigonga unajua ulikatia wapi kona vibaya. Au tazama mwanzo wa Super Mario Bros., ambao Shigeru Miyamoto na wenzake wa Nintendo waliutoa mwaka 1985. Mchezaji hasomeshwi maelezo. Anamkuta mtu wake kushoto mwa kioo na nafasi tupu kulia, basi anakwenda kulia. Adui wa kwanza anakuja peke yake, polepole. Usiporuka utakufa, lakini utaanza tena karibu, ukiwa umeshajifunza kuruka. Huo ni ualimu wa kiwango cha juu, na mwalimu hayupo darasani.

Mafundi hawa wanacho pia kitu ambacho bao halikihitaji, nacho ni huruma ya siri. Katika michezo ya kurukaruka, watunzi wengi humwachia mchezaji kipande kidogo cha sekunde baada ya mguu kuvuka ukingo. Kwa macho ameshachelewa, lakini akibonyeza bado ataruka. Hajui kwamba amesamehewa. Anahisi tu kwamba mkono wake umetiiwa. Fundi anayefanya kazi kubwa hivyo ili isionekane anastahili heshima tunayompa mchonga milango.

Kwetu husemwa mchezo umekolea, kama mchuzi uliopata chumvi yake. Ukiwa rahisi mno unachusha, ukiwa mgumu mno unatupwa, na kipimo cha katikati ndicho humfanya kijana wa kibandani ainamishe mwili mzima kulia kana kwamba mshambuliaji wa kiooni ataongezewa mbio.

Naijua hofu ya wazazi kwamba watoto watazama wasiibuke, na sitaidharau. Kando ya barabara zetu zipo mashine za kamari ziitwazo dubwi, zinazomeza sarafu za shilingi mia mbili. Mtu huganda mbele yake saa nzima. Lakini muulize amejifunza nini tangu sarafu ya kwanza. Hakuna kosa la kurekebisha, kwa kuwa hapakuwa na uamuzi wowote. Taa ziliwaka, zikazima, pesa ikaenda. Hayo ni matope ya tembo. Mashine imejifunza kushika na haina la kufundisha. Na gemu la simu linalokuziba njia makusudi ili ulipie kupita lina matope hayo hayo miguuni.

Katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, wapo vijana wengi wanaosomea kompyuta na kuandika programu. Ninawaombea jambo moja: siku moja washuke waje wakae chini ya mwarobaini jioni nzima. Wasije kuliiga bao kwa picha. Waje kuutazama uso wa anayeshindwa, wajiulize ni kitu gani kilichowekwa kwenye mbao hizi kinachomfanya akae. Wakikipata, watatunga michezo ambayo watoto wetu watazama ndani yake na kuibuka na kitu mkononi.

Juzi jua lilipotua, watazamaji wote walikuwa wameondoka, na kibanda kilikuwa kinafungwa. Mzee niliyekuwa nikimtazama aliliwa mara ya tatu. Mwenzake akanyanyuka, akakung'uta kanzu. Mzee hakumwita wala hakumtazama. Alizoa kete zote, akazigawa, akaanza kuzipanga gizani kwa vidole: sita kwenye nyumba, mbili, mbili. Mwenzake akasimama kidogo, kisha akakaa.