Linnaeus na kombe wa Venus: majina yaliyokaa vibaya

Kama uko Kayanga au Nkwenda, kombe wa Venus pengine umewaona kwenye picha tu. Ni wa maji chumvi. Ziwa Burigi halina hata mmoja. Aliye karibu nasi kiukoo ni Corbicula, kombe mdogo wa maji baridi anayepatikana Ziwa Victoria. Kwa hiyo wengi wetu tunakutana na viumbe hawa kwanza kwa majina, ndiyo maana leo nataka tumkague aliyewapa majina hayo, Carl Linnaeus.

Jenasi ya Venus aliianzisha mwaka 1758, na hapo nampa maksi zake. Alitazama bawaba, pale magamba mawili yanapoungana, akahesabu meno matatu yaliyokaribiana. Kigezo hicho bado kinafanya kazi. Ukiokota gamba Bagamoyo leo, anza hapo hapo, kisha angalia ndani kama kuna mstari uliojikunja kuelekea katikati. Mkunjo ukiwa mrefu, mnyama alikuwa na mirija mirefu ya kuvutia maji, yaani aliweza kujichimbia chini zaidi mchangani. Kwa vigezo vya aina hii kapu lile moja limegawanywa: familia ya Veneridae sasa ina spishi zaidi ya 500, na Venus pectinata wake leo ni Gafrarium pectinatum, ambaye akina mama wa pwani humwokota maji yakitoka.

Tatizo ni mwaka 1771. Katika Fundamenta Testaceologiae, tasnifu iliyotetewa na mwanafunzi wake Adolph Murray, sehemu za gamba zimepewa majina ya viungo vya siri vya mwanamke, moja baada ya jingine. Eti ulikuwa utani wa zama zile. Sikubali. Emanuel Mendes da Costa, mtu wa zama zile zile, aliyapinga kwa maandishi mwaka 1776. Na tukiweka adabu pembeni, majina yale ni mabovu kisayansi: yanakuonyesha mwandishi anawaza nini, hayakuelezi kombe anaishije. Jina lake jingine, meretrix, maana yake kahaba. Jamani, kombe wa watu kafanya nini?

Linganisha na Venus mercenaria wa Amerika Kaskazini, siku hizi Mercenaria mercenaria. Jina limetokana na neno la Kilatini la malipo, kwa sababu wenyeji walichonga shanga kwa gamba lake na wakoloni wakazitumia kama fedha. Hilo limebeba habari. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tunalielewa haraka: karne ya 19 misafara ya pwani ilifika mpaka Kafuro, simbi zilitumika kununulia vitu, na jirani zetu Waganda hadi leo huita fedha ensimbi. (Ndiyo, simbi ni konokono wa baharini, si kombe. Hoja ni ile ile.)

Kanuni za kimataifa hazifuti jina la spishi kwa sababu tu linaudhi, kwa hiyo meretrix yupo na atabaki. Istilahi za sehemu za gamba hazikuwa na ulinzi huo. Kile kibonde kidogo mbele ya kilele cha gamba leo kinaitwa lunula, yaani kimwezi.