Ndevu za Herekali

Wasomaji wa Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728, wanamjua Herekali, kaisari wa Bizanti, kwa vita vyake. Sura yake wachache wameiona, nayo ipo: kwenye solidi, sarafu ya dhahabu ya Constantinople inayokaribia ukubwa wa ukucha wa dole gumba.

Alitawala kuanzia 610 hadi 641. Sarafu zake za mwanzo zinamwonyesha peke yake, ndevu fupi. Punde kando yake kinachomoza kichwa kidogo cha mwanawe. Zipange zinazofuata kwa miaka yake, utamwona mtoto yule akikua, uso ukijaa. Kufikia 629 Herekali ana ndevu zilizoshuka kifuani na masharubu ya kutanda. Kisha wanasimama watatu, yeye na wanawe wawili. Mwana mdogo hana taji, hadi 638 anavikwa. Fundi wa mihuri aliyachonga yote hayo kinyumenyume, ili nyundo ikishuka picha ikae sawa. Hakutia jina lake.

Sarafu moja haisimulii hayo. Safu ndiyo inayosimulia, na kuijenga safu ndiyo kazi ya mkusanyaji. Philip Grierson wa Cambridge, aliyefariki 2006, alinunua sarafu ili azisome. Aliusimamia mkusanyo wa Bizanti wa Dumbarton Oaks, Washington, na sarafu zake mwenyewe za Enzi za Kati akaliachia jumba la makumbusho la Fitzwilliam. Wa namna yake wamepungua.

Dhahabu ya solidi, 72 kwa ratili moja ya Kirumi, ilibaki karibu safi kwa miaka 700 hivi. Makaisari wa karne ya 11 ndio walioichakachua, hata kufikia miaka ya 1080 ikabaki jina tu. Wachakachuaji wa leo dhahabu hawaigusi. Wanaharibu habari zake. Mmoja anaichomelea kipete iwe kidani. Mwingine anaifungia ndani ya plastiki yenye alama ya ubora, kisha anaisoma alama, uso wa kaisari hautazami. Mbaya zaidi ni mchimbaji wa usiku mwenye mtambo wa kunusa madini. Sarafu zilizofukiwa pamoja hueleza zilifichwa lini, kwa kuwa iliyo mpya kuliko zote hutoa mwaka. Yeye anazigawa kwa wanunuzi kumi, na ushahidi huo haukusanyiki tena.

Ukitaka kununua, uliza kwanza ilikotoka. Muuzaji akibabaika, mrudishie.