Kilele na Kazi ya Mikono: Kitabu cha Felice Benuzzi juu ya Mlima Kenya

Vitabu vya wapanda milima aghalabu hufuata mwendo mmoja: mtu huondoka kwao, hupatwa na baridi, njaa na hofu, hufika kileleni, kisha hurudi akidai kwamba amekuwa mtu mwingine. Dai hilo ni jepesi kuandikwa na zito kuthibitishwa, maana kilele huonekana, nafsi haionekani. Fuga sul Kenya, kitabu alichokitoa Mwitalia Felice Benuzzi mwaka 1947 na kukiandika tena kwa Kiingereza mwaka 1952, chastahili kupimwa kwa sababu kimeweka ushahidi wake mahali pengine.

Kisa chenyewe ni kifupi. Benuzzi alikuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Waingereza huko Nanyuki. Mwezi wa Januari 1943 alitoroka pamoja na Giovanni Balletto, aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti. Hawakutaka kukimbilia kwao. Walitaka kuupanda mlima waliouona ng'ambo ya seng'enge. Barsotti, aliyekuwa mgonjwa, alibaki kituoni. Wenziwe wawili walikijaribu kilele cha Batian, chenye mita 5,199, wakashindwa. Wakafika Lenana, chenye mita 4,985, wakasimika bendera yao. Kisha walirejea wenyewe kifungoni, wakahukumiwa siku 28 za kufungwa peke yao, nazo zikapunguzwa hata zikawa 7.

Kama thamani ya safari ingekuwa katika kilele, hii ingekuwa habari ya kushindwa. Lakini kurasa zenye nguvu kupita zote ni zile za matayarisho: nyundo zageuzwa mashoka ya barafu, vyuma vilivyotupwa vyakatwa kuwa meno ya kufungwa chini ya viatu, kamba za katani zatolewa vitandani, chakula chawekwa akiba kidogo kidogo, na picha ya mlima juu ya kopo la nyama yashika mahali pa ramani. Adui mkubwa wa mfungwa ni siku zisizo na jambo la kungojewa. Mtu afuaye chuma kwa siri anayo kesho. Basi kukomaa kwake kulikwisha kuanza kabla mguu haujakanyaga theluji.

Hapo kitabu chakaribia usimulizi wa kale wa Kiswahili. Katika Safari za Wasuaheli, zilizotolewa na C. Velten mwaka 1901, Salim bin Abakari asimulia safari ya Urusi na Siberia kwa kutaja njia, watu na mambo aliyoyaona, akimwachia msomaji kumpima msafiri. Benuzzi naye ana nguvu anapoeleza vitendo. Hulegea anaposimama kuhubiri juu ya uhuru.

Kasoro nyingine ni nzito zaidi. Wakikuyu, ambao kwao mlima huo ni Kirinyaga, makao ya Ngai, wana nafasi ndogo mno kitabuni. Mlima waliouheshimu vizazi na vizazi bila kuhitaji kuukanyaga kilele wabaki uwanja wa majaribio ya mgeni, na swali la nini hasa humkuza mtu mbele ya mlima lajibiwa nusu tu.

Hata hivyo, nusu hiyo ni ya kweli. Mhakiki wa vitabu vya namna hii asihesabu mita zilizopandwa. Na atazame mtu alifanya nini kabla ya kupanda, na alirudi kwa nani.