Mfuko Chini ya Mtulinga

Chini ya mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto wa kifua, daktari hutia ganzi, akakata ngozi kwa upana wa vidole viwili au vitatu, akashuka taratibu kupitia mafuta mpaka juu ya msuli. Akifika hapo huweka kisu kando. Kwa ncha ya kidole huachanisha tabaka za nyama mpaka ipatikane nafasi ya kutosha chombo cha gramu 20 hadi 30. Nafasi hiyo ndiyo mfuko wa betri ya moyo. Nyaya zinazotoka humo hupita ndani ya mshipa mkubwa wa damu hadi kwenye moyo, na watu wakisimulia upasuaji huu husimulia nyaya: jinsi zinavyofuatwa kwenye kioo cha eksirei, jinsi ncha zake zinavyotafuta mahali pa kushika. Sifa hizo ni za haki. Lakini ufundi unaonishangaza mimi uko kwenye mfuko, kwa sababu hapo ndipo mgonjwa hulindwa, au hukosa kulindwa, dhidi ya maambukizi.

Kipimo cha mfuko peke yake ni kazi. Ukiwa mdogo, betri huibana ngozi kwa ndani. Ngozi hukosa damu, hukonda, na siku moja hutoboka. Ukiwa mkubwa, betri hutembea, na pembeni hubaki uwazi ambao damu huujaza. Ukitengenezwa juujuu, karibu mno na ngozi, unakosa nyama ya kuufunika. Daktari mzoefu huyapima haya kwa kidole, na kwa mgonjwa aliyekondeshwa na uzee au maradhi huenda akaamua kushuka hadi chini ya msuli.

Bakteria wanaohofiwa hapo wengi wao si wageni. Ni stafilokoki, na baadhi yao ni wakazi wa ngozi ya kila mmoja wetu, wapole mpaka wapate kitu kisicho na uhai cha kushikilia. Wakishika chuma au plastiki hujitandia utando, kama utelezi unaoota ndani ya mtungi usiosuguliwa: maji ya kumimina hayauondoi. Antibayotiki nazo hazipenyi vizuri. Ndiyo maana mfuko ukishaambukizwa, tiba haiishii kwenye vidonge wala sindano. Betri hutolewa pamoja na nyaya zote. Na nyaya zilizokaa miaka zimekwisha kushikamana na kuta za mshipa na za moyo. Kuzitoa kunaweza kuchana mahali ambapo damu haisubiri. Anayelijua hilo haoni ukali muuguzi wa chumba cha upasuaji anapokemea mlango unaofunguliwa ovyo.

Mtu wa kwanza kupandikizwa betri ya moyo ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson, mjini Stockholm, tarehe 8 Oktoba 1958. Mhandisi Rune Elmqvist aliiunda, daktari Åke Senning akaipandikiza, nayo ikadumu saa chache tu. Larsson aliishi hadi 2001, na kufikia hapo alikuwa amepitia betri 26. Habari hii husimuliwa kama ushindi wa uhandisi, nami nakubali. Ila nikiisoma, mawazo yangu huenda pia kwenye kila mara alipolazwa tena mezani.

Kubadilisha betri iliyokwisha nguvu huonekana kazi nyepesi kuliko kuweka ya kwanza: nyaya zipo, mfuko upo. Kwa upande wa maambukizi ni kinyume. Kovu halipati damu ya kutosha, kinga ya mwili hufika humo kwa shida, na huenda wamo bakteria waliolala tangu mara iliyopita. Kwa hiyo fundi hodari huweka betri ya leo akiwa tayari anaifikiria siku ya kuibadilisha. Hujiuliza kama mgonjwa anahitaji kweli waya wa pili. Hukaza uzi kwenye kila waya kwa subira, maana waya ukichomoka wiki ya kwanza, mfuko utafunguliwa tena, na kuufungua mapema namna hiyo ni miongoni mwa hatari kubwa kabisa.

Kisha kuna damu ya mgonjwa mwenyewe. Ikivuja mfukoni na kuganda, huwa chakula na maficho ya bakteria. Kwa miaka mingi madaktari waliwasimamishia wagonjwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, siku kadhaa kabla ya upasuaji, wakawa wanawapa heparini, nyingine ya aina hiyo, kuziba pengo. Ilionekana ni tahadhari njema. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na David Birnie wa Kanada walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa hao na wengine walioachwa waendelee na warfarini yao. Uvimbe wa damu wenye madhara uliwapata asilimia 16 ya waliopewa heparini, na asilimia 3.5 tu ya walioachwa. Miaka mitatu baadaye wakaonyesha kwamba mwenye uvimbe wa aina hiyo alikabiliwa na hatari ya maambukizi makubwa iliyozidi mara 7. Nawaheshimu sana madaktari waliokubali kuitia kwenye mizani desturi waliyofundishwa na walimu wao, nao wakawafundisha wengine, kisha wakaiacha.

Na uvimbe ukishatokea, kazi kubwa ni kuuzuia mkono. Mgonjwa anaumwa, kifua kimevimba na kupiga weusi, na sindano iko karibu. Inashawishi kuinyonya ile damu ili apate nafuu. Haifanyiki. Sindano hupita kwenye ngozi yenye stafilokoki na kuwapeleka mpaka mlangoni pa betri. Hufungwa bandeji ya kubana, hungojwa, na mwili huinywa damu yake wiki baada ya wiki. Uvimbe ukizidi kiasi cha kutishia mshono, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, penye taa, glavu na vyombo safi.

Katika dawa nako kiasi ndicho kilichoshinda. Mwaka 2009 madaktari wa Brazili walichapisha utafiti wa wagonjwa 649: nusu walidungwa gramu 1 ya antibayotiki iitwayo sefazolini kabla ya kukatwa, nusu dawa bandia. Maambukizi yalikuwa asilimia 0.63 kwa waliopata dawa na 3.28 kwa wasiopata, na utafiti ukasitishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Dozi moja, ndani ya saa moja kabla ya kisu. Mwaka 2018 utafiti uitwao PADIT, wa wagonjwa zaidi ya 19,000 wa Kanada na Uholanzi, uliongeza dawa ya pili, kuosha mfuko kwa antibayotiki, na vidonge vya siku mbili baadaye. Nyongeza hiyo yote haikuleta tofauti ya kutegemewa. Mwaka uliofuata ulitoka utafiti wa wavu laini wenye antibayotiki, ambao huvishwa betri kisha huyeyuka mwilini. Kwa wagonjwa wenye hatari zaidi, ulishusha maambukizi kutoka asilimia 1.2 hadi 0.7. Ni kazi nzuri ya wahandisi, na kwa mgonjwa mwenye figo mbovu anayefunguliwa mara ya tatu ningetamani upatikane. Lakini wavu huo ni ghali, na ile gramu moja ya sefazolini inaweza kutolewa katika hospitali yoyote yenye saa ukutani na muuguzi anayeiangalia.

Sehemu kubwa ya kinga imo katika mambo ambayo hakuna anayeyapigia picha. Mgonjwa mwenye homa huahirishwa. Nywele za kifua hupunguzwa kwa mashine, kwa kuwa wembe huacha mikwaruzo. Ngozi hupakwa klohekisidini yenye spiriti na kuachwa ikauke yenyewe, dakika ambazo mwenye haraka hutamani kuziiba. Betri haitolewi kwenye pakiti yake mpaka mfuko uwe tayari na mkavu.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam huweka betri hizi, na kila moja ina gharama inayomlemea mwananchi wa kawaida. Kwa hiyo lipo swali la betri zilizokwisha kutumika ng'ambo, zikasafishwa na kutakaswa upya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha wagonjwa 1,051 wa Meksiko, Guatemala, Honduras na Jamhuri ya Dominika waliopewa betri kama hizo na wagonjwa 3,153 wa Kanada waliopewa mpya. Maambukizi yalikuwa asilimia 2.0 na 1.2, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Nawasifu wanaosafisha vyombo hivyo kama ninavyomsifu mwenye kisu.

Mgonjwa akirudi nyumbani, ulinzi wa mfuko unakuwa wake na wa jamaa zake. Ngozi juu ya betri ikiwa nyekundu, ikipata joto, ikitoa majimaji, au homa ikimrudia bila sababu, arudi kwa waliomwekea betri, hata kama ni miaka imepita, na aseme mapema kwamba ana betri ya moyo. Asikubali kutumbuliwa uvimbe huo kwenye zahanati ya jirani, wala asianze antibayotiki za dukani: vidonge hivyo hupunguza uwezekano wa bakteria kuonekana damu yake itakapooteshwa maabara, na madaktari watahitaji kumjua bakteria yule kwa jina kabla ya kuchagua dawa.