Wimbo wa Kapkatet

Msomaji, muziki wa watu wachache hauhitaji jumba kubwa. Mwaka 1950, Hugh Tracey alinasa huko Kapkatet, katika nchi ya chai ya Kericho, sauti za wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha" kwa chepkong, kinubi chao. Jina hilo latokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia katika santuri. Wengi hukicheka kisa hiki, wakasahau wimbo wenyewe. Hasara iliyoje! Sikiliza: mmoja hutangulia, wenziwe huitikia kwa upole, wala kinubi hakiwafuniki. Kwa Rodgers waliazima jina tu. Uimbaji ni wao. Nakala zake zilirudishwa Kapkatet baada ya zaidi ya miaka 60.