Kasoro na Tengenezo: Uhakiki wa Orodha ya Misimbo ya Kiwanda cha Nguo

Mwaka uliopita niliombwa na kiwanda kimoja cha nguo, ambacho sitakitaja jina, nitoe maoni yangu juu ya tafsiri ya Kiswahili ya orodha yake ya misimbo. Orodha hiyo imo ndani ya programu ya kompyuta ifuatiliayo ubora wa kazi. Mkaguzi hukaa mwisho wa laini ya ushonaji, na kishikwambi mbele yake. Akiona shati lenye kasoro husoma kwa mashine msimbopau wa furushi lake, kisha huchagua neno moja katika orodha. Shati hupelekwa kwa fundi wa matengenezo, naye akimaliza huchagua neno lake katika orodha ya pili. Jioni kompyuta hujumlisha yote, na kesho yake asubuhi wakubwa husoma hesabu.

Nilidhani kazi yangu itakuwa kusahihisha tahajia. Nilipoisoma orodha yenyewe niliona kwamba kosa lake si la tahajia. Ni kosa la sarufi, kwa maana halisi ya neno hilo, na lina madhara kwa watu. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa kulieleza hapa, ingawa kurasa hizi zimezoea zaidi uhakiki wa tenzi na hadithi.

Tuanze na neno la juu kabisa. Kiswahili kina maneno kadhaa kwa jambo hili: kasoro, hitilafu, dosari, ila, ubovu. Watafsiri wengi huyatumia kana kwamba ni mamoja. Lakini hitilafu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kutofautiana. Vitu viwili vikihitilafiana haijulikani bado kipi ndicho sahihi. Ubovu nao umekwisha kuhukumu: kitu kibovu hakifai. Kasoro ni kupungukiwa na kipimo. Kila asemaye saa mbili kasorobo ajua maana hiyo, hata kama hajapata kuifikiria: saa yajulikana, na robo yake haijatimia. Kwa hiyo hapana kasoro pasipo kipimo kilichowekwa kwanza.

Wakaguzi wa vitambaa wanalijua jambo hili vema. Katika mtindo wa alama nne, utumikao kukagua kitambaa kabla ya kukatwa, kasoro isiyozidi inchi 3 hutozwa alama 1; ipitayo inchi 3 mpaka 6, alama 2; ipitayo 6 mpaka 9, alama 3; na ipitayo inchi 9, alama 4. Wala yadi moja ya urefu haitozwi zaidi ya alama 4. Hapo mkaguzi haulizwi kama kitambaa kinampendeza au hakimpendezi, huulizwa kipimo. Orodha niliyoletewa imelichagua neno kasoro, na kwa hilo yastahili sifa. Lawama zaanzia chini ya kichwa hicho.

Shati lililoharibika laweza kuulizwa maswali manne: lina nini, wapi, kwa nini, na limefanywa nini. Programu nyingi za viwandani huyatenga maswali haya. Programu ya SAP ya Ujerumani, kwa mfano, huweka kasoro katika katalogi moja, mahali pa kasoro katika nyingine, sababu katika nyingine, na kazi zilizofanywa katika nyingine tena. Na ndani ya kila katalogi misimbo hupangwa kwa makundi. Chombo chenyewe, basi, hakizuii mpango mzuri. Lakini chombo hakiwezi kujua kama mtu amelitia neno la sababu katika sanduku la kasoro. Hilo huonwa na msomaji wa lugha tu.

Tazama mistari hii, ambayo yote niliikuta chini ya kichwa cha Kasoro: Mshono umefumuka. Mshono umeshonwa vibaya. Kifungo hakikushonwa. Uzi mbaya. Kusafisha doa. Mashine haikutiwa mafuta. Nyinginezo. Mstari wa kwanza wataja hali ya nguo. Wa pili wamtaja mtu, japo bila jina. Wa tatu pia wamtaja mtu, kwa kukanusha. Wa nne na wa sita yataja sababu. Wa tano ni tengenezo, si kasoro hata kidogo. Wa saba hautaji kitu. Shati moja, lililofumuka begani kwa sababu ya uzi dhaifu, laweza kuandikwa na wakaguzi watatu kwa misimbo mitatu, na wote watatu wakawa wakweli. Tangu mwaka 1924, Walter Shewhart wa kampuni ya Western Electric, Marekani, alipochora chati ya kwanza ya udhibiti, viwanda vimejifunza kuhesabu kasoro ili kuona zipi ni za kawaida na zipi zimezuka. Lakini hesabu huja nyuma ya jina. Vitu visivyoitwa kwa namna moja havijumlishiki.

Nani basi atatuonyesha mpaka baina ya kasoro na mengineyo? Nasema kwamba sarufi yetu imekwisha kuuchora. Wanafunzi wa Kiswahili tangu Ashton na kitabu chake cha mwaka 1944 wamefundishwa kupambanua kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Kikombe kimevunjwa: yupo aliyekivunja, na twaweza kuongeza “na mtoto”. Kikombe kimevunjika: twaona vipande, na basi. Ukiongeza “na mtoto” hapo sentensi yaharibika, kwa kuwa kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda. Lugha nyingi hulazimika kuzunguka ili kusema hivyo. Kiswahili kina silabi moja kwa kazi hiyo. Na mkaguzi aliyeketi mwisho wa laini yu katika hali hiyohiyo ya mtu aliyekuta vipande. Hakumwona mtenda. Ameona mshono umefumuka, kitambaa kimetatuka, uzi umekatika, rangi imechujuka. Anaposema “umeshonwa vibaya” anatoa ushahidi wa jambo ambalo hakulishuhudia.

Sharti moja liongezwe. Kitenzi cha kutendeka kikiwa na hu- chaweza kueleza uwezekano badala ya hali: kitambaa hiki huchanika, yaani ni chepesi kuchanika. Hiyo ni sifa ya kitambaa chote, wala si kasoro ya shati hili. Kwa hiyo msimbo wa kasoro uandikwe kwa -me-: kimechanika. Wala sidai kwamba kila kasoro lazima iishie kwa -ka. Pindo limepinda, kola imelegea, kiuno kinapwaya, mshono umeruka; vitenzi hivi havina alama ya kutendeka, na vyafaa kabisa, kwa sababu navyo havina mtenda nyuma yake. Doa la mafuta ni jina tupu, nalo lafaa. Penye kifungo kisichokuwapo na tuseme “kifungo kimekosekana”, kwa maana mkaguzi hajui kama hakikushonwa au kilishonwa kikang'oka.

Msomaji aweza kuniambia kwamba haya ni mambo ya darasani. Na nieleze nililolisikia kiwandani humo. Mama mmoja wa makamo, ashonaye mabega ya mashati, alinyimwa posho ya ubora ya mwezi mzima. Mashati yake mengi yalikuwa yameandikwa “Mshono umeshonwa vibaya”. Msimamizi wake alisoma maneno hayo kama yalivyo, na kwa kweli hakuna njia nyingine ya kuyasoma. Hakuna aliyeutazama uzi, kwa sababu msimbo ulikuwa umekwisha kujibu swali ambalo bado halijaulizwa. Zikapita wiki tatu. Ndipo fundi wa matengenezo, alipokuwa akishona upya bega moja kwa uzi wa katoni ileile, akauona ukikatika mkononi mwake. Alikwenda kuchukua uzi mwingine, akaendelea. Katika orodha yake alikuta “Kushonwa upya” tu; pa kuandika kwamba uzi umebadilishwa hapakuwapo. Habari ile ikabaki kichwani mwake mpaka alipoulizwa kwa mdomo. Mama yule aliniambia, “Mwalimu, msimamizi akinisema namjibu. Kompyuta ikinisema, namjibu nani?” Nilipoondoka posho yake ilikuwa haijarudishwa.

Meneja aweza kuuliza kama kauli ya kutendeka haiwi pazia la kumfichia mzembe. Swali hili ni la haki. Jibu langu ni kwamba sababu haifutwi. Hupewa mahali pake. Uwepo uwanja wa sababu, ujazwe baada ya kuchunguza, na mtu mwenye ujuzi na mashine, uzi na kitambaa. Huko, ikithibitika kwamba mshonaji hakufuata alama, na iandikwe hivyo, kwa kauli ya kutenda ukipenda. Wahenga waliosema “Usipoziba ufa utajenga ukuta” walikitaja kilichoonekana, yaani ufa, na kazi iliyopasa, yaani kuziba. Nani aliyejenga vibaya hawakumtaja. Nadhani waliona kwamba swali hilo laweza kungoja mpaka ufa uzibwe.

Sasa orodha ya matengenezo. Huku kauli ya kutendwa yarudi kwa haki yake, kwa sababu tengenezo lina mtenda ajulikanaye, naye ndiye anayeandika. Mshono umefumuliwa na kushonwa upya. Doa limesafishwa. Kifungo kimebadilishwa. Uzi umebadilishwa. Basi kanuni yote yaweza kusemwa kwa maneno machache: kasoro hutendeka, tengenezo hutendwa, na mstari usiojua uko upande gani uondolewe.

Katika orodha hii ya pili naona makosa mawili makubwa. La kwanza ni neno “Kutatuliwa”. Mtafsiri alikusudia kwamba tatizo limekwisha. Lakini katika habari za nguo kutatua ni kuchana, na fundi wa zamani akiambiwa shati limetatuliwa atauliza ni nani aliyelirarua. La pili ni zito zaidi. Orodha yaita “Kurekebisha” kazi mbili zisizo sawa. Shirika la Kimataifa la Viwango, katika istilahi zake za ISO 9000 za mwaka 2015, lapambanua kuitengeneza bidhaa hata itimize masharti yote, na kuitengeneza hata ifae kutumiwa ijapokuwa haikuyatimiza. Tofauti hii haihitaji maneno ya kigeni. Shati lililofumuliwa na kushonwa upya ni shati lililoagizwa. Shati lililotiwa kiraka lavalika, lakini silo lililoagizwa, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa. Yakiitwa kwa jina moja, yatapakiwa katika sanduku moja.

Yabaki mambo ya uangalizi wa orodha, nitayapitia kwa ufupi. Orodha ina “Uzi umeruka” na “Mshono umeruka”. Niliwauliza wakaguzi tofauti yake. Kila mmoja alikuwa na yake. De Saussure, katika mafunzo yaliyochapishwa mwaka 1916, alionyesha kwamba ishara hupata thamani kwa kupingana na jirani zake. Misimbo miwili isiyopingana ni msimbo mmoja uliogawanya hesabu yake. Dawa yake naijua kutoka masomoni ng'ambo, tulipokuwa tukiainisha vitenzi wawili wawili bila kuonana: wakaguzi wawili wapewe mashati yaleyale mbalimbali, kisha majibu yao yalinganishwe, kwa kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, kiondoacho makubaliano ya bahati tu. Misimbo wanayoachana nayo mara kwa mara iunganishwe, au ielezwe upya kwa picha na kipimo.

“Nyinginezo” ni lazima iwepo, la sivyo mkaguzi atasema uongo. Lakini mwenye kuichagua aandike maneno machache, na kila mwezi maneno hayo yasomwe. Joseph Juran alifundisha kwamba sehemu kubwa ya hasara hutokana na sababu chache; Nyinginezo ikipanda ikawa miongoni mwa hizo chache, orodha ndiyo yenye kasoro. Tena, nambari ya msimbo ulioachwa isipewe msimbo mpya. Watoto hurithi majina ya babu zao bila madhara, kwa kuwa kila mtu ajua babu amekufa. Kompyuta haijui, nayo itayajumlisha mapindo ya mwaka juzi pamoja na vifungo vya mwaka huu. Msimbo ufungwe usichaguliwe tena, lakini kumbukumbu zake zibaki.

Namtetea mtafsiri kwa jambo moja. Alipewa orodha ya Kiingereza iliyokwisha kuchanganyika, naye akaifuata kwa uaminifu. Hakuketi na wakaguzi, wala hakuulizwa kama lugha yake ina njia bora. Huo ndio mtindo wetu: Kiswahili huitwa mwishoni, kuvika nguo kitu kilichokwisha kushonwa. Laiti angeanza na vitenzi ambavyo mafundi wenyewe hutumia, angalipata orodha fupi na ya haki kuliko ile ya asili.

Nimeirudisha orodha kiwandani, pamoja na mapendekezo haya, na ombi kwamba hesabu za mwezi ule zisomwe upya. Kwa wenzangu wa taasisi nina ombi jingine. Orodha za namna hii zinaandikwa kila siku, katika viwanda, hospitali na gereji, na maneno yake husomwa na watu wengi kuliko makala zetu. Watu hulipwa au hukatwa mshahara kwa maneno hayo. Nayo yastahili kuhakikiwa.