Sifa za Mwiko

Mwiko ni neno moja lenye kazi tatu. Kuna mwiko wa jikoni, wa kusongea ugali. Kuna mwiko wa mwashi, wa kupakia udongo ukutani. Na kuna mwiko wa wazee: jambo lisilofanywa hata mkono ukiwasha. Kazi ya mwanaakiolojia anayewatangulia wajenzi katikati ya mji inaidai miiko yote mitatu kwa pamoja.

Mtazame kule London. Jengo kuukuu limebomolewa, mwenye kiwanja anataka ghorofa, na mkopo wa benki haulali. Mwanaakiolojia hafiki akiwa na haraka hiyo. Kwanza ameshinda na ramani za kale, akitafuta ni wapi vyumba vya chini vya karne ya 19 vimekwishaila ardhi na wapi pamesalia. Kisha huchagua sehemu chache za kuchimba mitaro ya majaribio. Mashine, ile ambayo mafundi wetu huiita kijiko, hukwangua kidogo kidogo kwa ndoo isiyo na meno, naye amesimama pembeni, macho chini. Udongo ukigeuka rangi, mkono wake unapanda na mashine inanyamaza. Kuanzia hapo ni magoti na mwiko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kazi hii ni kuonja. Mpishi hali chungu kizima ili ajue kama chumvi imekolea. Hujidondoshea tone kiganjani, basi. Mtaro ni tone la mji, ila ulimi uwe umefundwa. Mwiko ukipita kwenye changarawe hukwaruza, ukiingia kwenye udongo wa mfinyanzi huteleza kimya, na mkono uliozoea hujua kwamba zama zimebadilika. Chini ya London lipo tabaka jekundu la kuta za udongo zilizoungua: ni moto wa mwaka 60 au 61, Malkia Boudica aliyewaasi Warumi alipouteketeza mji wao. Kila tabaka hupewa namba, huchorwa, kisha huandikwa katika mchoro unaofanana na nasaba: mtoto juu, babu chini. Mchoro huo ulibuniwa mwaka 1973 na Edward Harris, mzaliwa wa Bermuda, alipokuwa kazini Winchester.

Zamani watu walikuwa wakichimba kwa hisani ya mwenye jengo. Mwaka 1954, hekalu la mungu Mithras lilipofunuliwa kando ya Walbrook, kijito kilichokwishafukiwa, umati ulipanga foleni kulitazama. Kisha mawe yakang'olewa, yakaja kupangwa upya mahali pengine. Mwaka 1989 yalionekana mabaki ya Rose, ukumbi wa maigizo wa 1587, wakati ofisi mpya ikingoja kusimama juu yake. Waigizaji wakaandamana, na jengo likachorwa upya ili liyavuke mabaki. Mwaka uliofuata serikali ilitoa mwongozo: mamlaka za mipango zinaweza kumtaka mjenzi aonyeshe kwanza kilichomo ardhini, ndipo ziamue juu ya kibali. Swali likatangulia nyundo.

Kati ya 2010 na 2014 uwanja uleule wa Walbrook ulichimbwa tena. Katika tope lisilopitisha hewa vilikuwamo vibao 405 vya kuandikia vya Warumi. Nta iliyoandikwa ilikwishapotea, lakini kwenye baadhi yake ncha ya kalamu ilikuwa imepenya hadi kwenye mbao. Kimoja, cha tarehe 8 Januari mwaka 57, kinamwonyesha Tibullus akikiri kuwa anadaiwa na Gratus dinari 105 za bidhaa alizouziwa. Wote wawili walikuwa watumwa walioachwa huru. Dawa ya deni ni kulipa, na hati ya deni hilo ililala topeni ikingoja wasomaji ambao wangeweza kuipiga picha kwa mwanga wa pembe mbalimbali na kufuata mikwaruzo hafifu. Lau tope hilo lingekombwa lote mwaka 1954, nani angeisoma?

Hapo ndipo mwiko wa tatu unapoingia. Kuchimba ni kuharibu: tabaka ni ukurasa unaoungua ukishasomwa. Kwa hiyo fundi wa kazi hii hapimwi kwa wingi wa vyungu alivyovitoa. Hupimwa kwa kujua ni wapi pa kukomea. Ripoti yake iliyo bora huenda ikawa na neno dogo tu: msiguse hapa. Mhandisi anakuna kichwa, anasogeza nguzo za msingi hatua chache, anapunguza kina cha ghala la chini.

Kisha kijiko kinarudisha udongo mtaroni. Miaka michache baadaye karani anateremka ngazi za jengo jipya, kikombe cha kahawa mkononi, na hata haulizi kwa nini nguzo ile imesimama kando kidogo. Mfuniko umerudishwa juu ya chungu, na chakula bado kimo.